Grafu ya mama imekatika: utatuzi wa matatizo ya vifaa vya afya vinavyotuma vipimo kwa simu

Siku hizi si ajabu kuingia nyumba ya Machame, Marangu au Usa River ukakuta juu ya kabati mashine ya presha inayounganishwa na simu, kipima oksijeni cha kidoleni na mashine ya sukari. Mara nyingi vimenunuliwa na mtoto aliyeko Dar es Salaam au ng'ambo, anayetaka kujua hali ya wazazi wake kila asubuhi. Zahanati kadhaa nazo hufuatilia wagonjwa wao wa presha na sukari kwa njia hiyo hiyo.

Vifaa vyenyewe haviharibiki sana. Kinachoharibika ni safari ya namba: kutoka mwilini hadi kwenye kifaa, kifaa hadi simu, simu hadi seva (kompyuta ya mbali inayotunza vipimo), na seva hadi kwenye grafu ambayo mtu anaitazama akiwa mbali. Malalamiko tunayopokea sisi tunaofunga vifaa hivi Moshi na Arusha yanafanana, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea zaidi ndiyo ya kwanza.

Kabla ya kifaa, mtazame mtu

Usitafute kosa la mashine wakati mgonjwa ana hali mbaya. Kifua kinauma, anahema akiwa ametulia, mdomo umepinda, mkono au mguu umekufa ganzi ghafla, ameshindwa kuongea, amechanganyikiwa au amezimia: acha simu, mpeleke hospitali iliyo karibu, iwe KCMC, Mawenzi, Mount Meru au kituo cha afya cha kata. Presha ya 180/120 au zaidi pamoja na dalili yoyote kati ya hizo ni dharura hata kama unaishuku mashine.

Mjamzito ambaye presha yake imefika 140/90 aende kituoni siku hiyo hiyo. Akiwa na kichwa kikali au anaona maluweluwe, usisubiri hata saa moja; namba ya usafiri wa dharura wa wajawazito ni 115 na haitozwi.

Mgonjwa wa sukari anayetetemeka na kutokwa na jasho jembamba, akiwa bado anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida au maji ya sukari kwanza. Ukurasa wa grafu utaufungua baadaye. Aliyezimia usimnyweshe chochote.

Dalili ya 1: Grafu imekatika, vipimo vipya havionekani

Hili ndilo tunaloitiwa kuliko yote, na mara nyingi linatatuliwa kwa simu bila fundi kupanda mlima.

Anza na bando. Laini iliyo kwenye simu ya nyumbani imeishiwa data, au bando lililobaki ni la kuchati tu na programu ya afya haimo. Mwombe aliyeko nyumbani afungue tovuti yoyote ambayo si mtandao wa kijamii. Isipofunguka, umeshapata jibu.

Sababu ya pili ni simu yenyewe kuizima programu ili kutunza chaji. Simu nyingi za Android za bei nafuu hufanya hivyo kwa ukali sana: programu isiyofunguliwa siku kadhaa inalazwa, na kifaa kikijaribu kutuma hakuna anayepokea. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta programu hiyo, kisha iruhusu kutumia betri bila kizuizi. Hapo hapo kagua ruhusa. Kwenye Android 11 na za nyuma yake, programu haiwezi kutafuta kifaa cha Bluetooth bila ruhusa ya mahali. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa yake ya vifaa vilivyo karibu. Mtu akishabonyeza "kataa" siku ya kwanza, kifaa hakitapatikana tena hadi ruhusa irudishwe.

Ya tatu: simu haipo. Imeenda shambani na kijana, au mjukuu ameondoka nayo kurudi chuoni. Mashine nyingi za presha hutunza vipimo kwenye kumbukumbu yake na kuvituma simu ikirudi, ila kumbukumbu hiyo ina kikomo, na ikijaa vipimo vya zamani hufutwa kimyakimya ili vipya vipate nafasi. Kama simu imekuwa mbali muda mrefu, unganisha haraka kabla hamjapima tena mara nyingi.

Ya nne: kifaa kimeunganishwa na simu nyingine. Mgeni wa Krismasi alikijaribu kwenye simu yake, na tangu hapo kifaa kinamtafuta yeye. Futa muunganisho kwenye simu zote mbili, kisha unganisha upya na ile ya nyumbani tu.

Ya tano ni betri. Betri rahisi za dukani huwasha kioo vizuri, lakini pampu ya mashine ya presha inapoanza kujaza upepo umeme unashuka na kifaa kinazima katikati ya kutuma. Weka betri za alkali, zote mpya kwa pamoja. Usichanganye mpya na kuukuu.

Mwisho kabisa shuku mtandao wa eneo. Nyumba iliyo kwenye bonde, imezungukwa na migomba na ukuta mnene, inaweza kuwa na mtandao barazani na isiwe nao chumbani. Pimia ndani, kisha peleka simu nje itume.

Tahadhari moja: usifute programu wala kurudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani kabla hujahifadhi nakala ya vipimo vya zamani. Programu nyingi zina kitufe cha kutoa faili la Excel au PDF, kitumie kwanza. Nimeona historia ya mwaka mzima ya mgonjwa ikipotea kwa sababu mtu alishauriwa "futa uweke upya", na daktari akabaki hana cha kulinganisha.

Dalili ya 2: Vipimo vinafika lakini saa haziendani

Mtoto anapiga simu kwa wasiwasi: "Mama, kwa nini unapima presha saa nane usiku? Hulali?" Mama amelala vizuri. Saa ndiyo imekosea, na jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa daktari anahitaji kujua kipimo kilichukuliwa kabla ya dawa au baada yake, kabla ya kula au baada ya kula.

Pima ukubwa wa tofauti kwanza, kwa kuwa tofauti yenyewe inakuonyesha pa kwenda.

Ikiwa vipimo vyote vimerudi nyuma kwa saa 3 kamili, kosa ni la seva au programu. Seva nyingi hutunza muda kwa saa ya kimataifa ya UTC, na Tanzania iko saa 3 mbele yake mwaka mzima. Weka eneo la saa kuwa Dar es Salaam au Afrika Mashariki kwenye akaunti ya mgonjwa. Anayetazama akiwa Uingereza au Marekani akumbuke kwamba huenda programu inamwonyesha saa ya kule aliko.

Ikiwa tofauti ni saa 6, au vipimo vya usiku vimeangukia alfajiri, tafuta mahali ambapo namba zinaingizwa kwa mkono. Nyumba moja ya Kibosho ilikuwa na daftari la mistari, limeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Jumatatu, 2:00, 148/92". Bibi alipima saa mbili usiku baada ya chakula, akaandika kama anavyosema. Mjukuu akaingiza 2:00 kwenye simu, na mfumo ukaelewa saa nane usiku. Kwa miezi ripoti ilimwonyesha bibi mwenye presha ya usiku wa manane, kumbe hizo ni namba za jioni. Dawa yake ni kuandika "asubuhi, kabla ya dawa" au "jioni, baada ya kula" badala ya saa, na kumwachia kifaa kazi ya kutaja saa.

Tarehe ikionyesha mwaka wa zamani sana, au vipimo vyote vikiwa vya Januari mosi, betri zilitolewa na saa ya ndani ya kifaa ikaanza upya. Irekebishe kwenye kifaa chenyewe. Vile ambavyo tayari vimefika na tarehe mbovu visahihishe kwenye nakala, na ubaki na faili la awali jinsi lilivyo. Yupo pia mwenye kifaa cha Kimarekani kinachotanguliza mwezi: 4/7 kwake ni Aprili 7, kwetu ni Julai 4. Kosa hilo halionekani hadi tarehe 13, ndipo mfumo unapoanza kukataa namba.

Dalili ya 3: Presha inapanda na kushuka bila mpangilio

Kabla ya kulaumu kihisi, simama pembeni utazame mtu akipimwa. Mara nyingi jibu liko pale pale.

1. Hakupumzika. Ametoka kuchota maji au kupanda kilima, kavaa mkanda wa mashine mkononi akabonyeza. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kuikunja, asiongee. Kahawa na sigara viwe nusu saa nyuma. Kwa nyumba zetu za mlimani, hilo la kahawa lisimamie kweli.
2. Mkono unaning'inia. Kila sentimita 10 mkono unapokuwa chini ya moyo, kipimo huongezeka kwa takriban 8. Uweke juu ya meza, mkanda ulingane na moyo. Mashine za kifundo cha mkono hukosea hapa kuliko zote.
3. Mkanda haumtoshi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko presha halisi. Pima mzunguko wa mkono juu ya kiwiko kwa futi ya fundi cherehani, ulinganishe na vipimo vilivyoandikwa kwenye mkanda.
4. Mkanda umevaliwa juu ya sweta. Arusha mwezi wa Julai hili ni la kila siku.
5. Watu wawili, mashine moja. Hili nalirudia chini.

Ukisharekebisha hayo, pima mara mbili, dakika moja kati ya kipimo na kipimo, asubuhi na jioni, kwa wiki moja. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 na kuendelea huhesabiwa kuwa presha ya juu, wakati mpaka wa hospitalini ni 140/90. Mfumo uliowekewa mpaka wa hospitali kwa vipimo vya nyumbani utawaacha nje watu wanaohitaji kuonwa.

Acha kujaribu, nenda kwa daktari, ikiwa mashine inaonyesha alama ya mapigo yasiyo sawa mara kwa mara. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, mashine hizi za kujipima zinaweza kukosea. Nesi apime kwa kusikiliza. Vivyo hivyo kama mkono wa kulia na wa kushoto unatofautiana kwa zaidi ya 10 kila mara.

Dalili ya 4: Oksijeni iko chini, au iko juu wakati mtu anahema

Kipima oksijeni hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kwenye kidole na kusoma kiasi kinachofyonzwa na damu. Chochote kinachozuia mwanga au damu kinaharibu namba: vidole vya baridi, rangi ya kucha, hina iliyokolea, mkono unaotikisika, jua kali la moja kwa moja. Pasha vidole moto, safisha kucha, tulia, subiri namba isimame. Kama kifaa kinaonyesha pia mapigo ya moyo, yalinganishe na mapigo unayoyahesabu kwa kidole kifundoni. Yakipishana sana, hata namba ya oksijeni usiiamini.

Kisha uliza mtu yuko wapi. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 juu ya bahari na Moshi iko chini zaidi. Hapo namba ya mtu mzima mwenye afya haitakiwi kushuka sana kwa sababu ya mwinuko peke yake. Lakini waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro wanaobeba vifaa hivi hupata namba za themanini na kitu kwenye kambi zilizo juu ya mita 4,600, na mfumo uliowekewa kipimo cha pwani unalia usiku kucha. Weka mpaka kulingana na mwinuko wa kambi, na tazama mwenendo: mgeni ambaye namba yake imeshuka ghafla kuliko za wenzake wa kambi ile ile ndiye wa kuangaliwa. Anayehema akiwa amekaa, anayekohoa povu, anayeyumba kama mlevi au kuchanganyikiwa ashushwe mara moja, usiku huo huo, kifaa kiseme lolote.

Sasa lile linalonisumbua zaidi. Vifaa hivi huelekea kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo kwa watu wenye ngozi nyeusi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulilinganisha kipimo cha kidoleni na cha damu iliyochotwa kwenye ateri: kati ya wagonjwa ambao kifaa kiliwapa asilimia 92 hadi 96, waliokuwa kwa kweli chini ya 88 walikuwa asilimia 11.7 ya Waafrika Wamarekani, na asilimia 3.6 tu ya Wazungu. Sisi ndio hao wa kwanza. Kwa hiyo usimrudishe nyumbani mtu anayehema kwa sababu kidole kinasema 94, wala usiruhusu mfumo umwekee rangi ya kijani kwa namba hiyo moja.

Dalili ya 5: Namba za sukari hazieleweki

Ukiona 6.5 leo na 117 kesho, huenda hakuna kilichobadilika. Ni sukari ile ile kwa vizio viwili: milimoli kwa lita, inayotumika hospitali zetu, na miligramu kwa desilita, inayotumika Marekani. Kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili unazidisha kwa 18. Shida inakuja mashine mbili zinapotuma kwenye akaunti moja na programu ikakokotoa wastani bila kuuliza: 6.5 na 117 vinatoa 61.75, namba ambayo si sukari ya mgonjwa huyo kwa kizio chochote. Kagua kizio kwenye kila mashine na kwenye kila mstari wa data.

Baada ya hapo, mikono. Aliyetoka kumenya ndizi mbivu au embe ana sukari kidoleni. Anawe kwa maji na sabuni, akauke. Halafu vipande vya kupimia: tarehe imepita, kopo limeachwa wazi, au limekaa kwenye dashibodi ya gari juani. Tupa.

Kuna kosa la uchambuzi ambalo ni la hatari kweli. Sukari ikishuka au kupanda nje ya uwezo wa mashine, kioo huandika LO au HI badala ya namba. Programu nyingine haziwezi kuhesabu herufi, hivyo huruka mstari huo au huweka sifuri. Matokeo yake kipimo kibaya kuliko vyote ndicho kinachokosekana kwenye ripoti. Tafuta mistari mitupu na sifuri kwenye faili, ulinganishe na kumbukumbu ya mashine yenyewe. Na yeyote aliyeona LO au HI aende hospitali siku hiyo. Wa LO apewe sukari kwanza, kabla ya kuondoka, kama anameza.

Wanaotumia kihisi cha kubandika mkononi wajue kinasoma majimaji yaliyo chini ya ngozi, na huwa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Aliyelala juu ya mkono huo anaweza kuonekana ameshuka usiku kumbe ni mgandamizo tu. Dalili na kihisi vikipingana, choma kidole.

Saa za mkononi zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, ziache. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya namna hiyo. Hapo hakuna kosa la kutatua. Namba zake usiziingize kwenye mfumo.

Dalili ya 6: Ripoti inasema yuko sawa, mwenyewe anasema hayuko sawa

Mwamini mwenyewe, kisha ifungue ripoti.

Sababu kubwa ni kuchanganya watu. Baba na mama wanatumia mashine moja bila kubonyeza kitufe cha mtumiaji. Ondoa wastani, tazama nukta moja moja: zikijikusanya makundi mawili, moja karibu na 118 na jingine karibu na 165, hao ni wawili. Wastani wao unakaribia 140 na haumhusu hata mmoja. Data hiyo haitenganishiki kwa kubahatisha. Weka alama kwamba haifai, mwanze upya.

Pili, mstari unaoficha pengo. Programu huunganisha nukta mbili kwa mstari ulionyooka hata kama kati yake kuna wiki tatu bila kipimo, na macho yanaona utulivu. Chagua mwonekano wa nukta bila mstari. Pengo lenyewe ulizie, kwa sababu watu huacha kupima hasa wanapozidiwa, wanaposafiri au dawa inapoisha.

Tatu, wapo wanaopima mpaka wapate namba nzuri, kisha wanatuma hiyo tu. Mzee hataki kumtia mtoto wake hofu. Kumbukumbu ya kifaa itakuonyesha vipimo vitatu ndani ya dakika tano. Usimgombeze, mweleze kwa heshima kwamba daktari anazihitaji zote.

Hapa fundi anaishia. Kubadilisha kipimo cha dawa, kuongeza au kuacha, ni kazi ya daktari, na hakuna grafu inayotoa ruhusa hiyo.

Dalili ya 7: Arifa zinalia kila wakati, au hazilii kabisa

Zikilia mno, watu huzima sauti, na ya kweli ikija haisikiki. Weka sharti la vipimo viwili mfululizo kabla ya kulia, na mpaka uwekwe na daktari wa mgonjwa husika. Zisipolia, kagua hali ya kimya ya simu, ruhusa ya arifa, na kama namba ya mpokeaji bado inatumika. Omba pia mfumo ulie pale kipimo kisipofika siku mbili.

Dalili ya 8: Vipimo vimeonekana kwa asiyehusika

Mara nyingi ni picha ya skrini iliyotumwa kwenye kundi la ukoo, au nywila moja inayotumiwa na zahanati nzima. Badilisha nywila, ondoa simu za zamani kwenye akaunti, mpe kila mhudumu akaunti yake. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zahanati iliyogundua uvujaji isimamishe mfumo na kumwita mtaalamu kabla ya kufuta chochote, maana kumbukumbu za nani aliingia lini ndizo zitakazoonyesha uvujaji ulianzia wapi.

Unapomwita fundi

Usifungue kifaa chenye betri iliyovimba, kinachonuka kuungua au kilichoingia maji. Kitoe kwenye umeme, kiweke mbali na kitanda. Kwa mengine, andaa aina ya kifaa na ya simu, toleo la Android, tarehe ya kipimo cha mwisho kilichofika, picha ya kioo cha kifaa na ya programu zilizopigwa kwa wakati mmoja, na faili la vipimo ghafi. Mwambie pia nani hupima nyumbani na simu hukaa kwa nani mchana.